Picha Sitini za Ambokile

Ile mashine ilikuwa na nguvu za kukokotoa mvua ya nchi nzima, tone kwa tone, msimu mzima, na bado ilikuwa inashindwa kuchora kikombe cha chai.

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, bisibisi mdomoni, tochi kichwani, nikiitukana kimoyomoyo. Kwenye skrini ya ukutani kaka yangu Ambokile alikuwa ameketi juu ya kigoda katika jiko la mama, kule Tukuyu, ameinua kikombe. Kilifika usawa wa kidevu kikaganda. Halafu, bila kupita popote, kikawa mezani, kitupu.

"Kaka," nikaita kwenye kipaza sauti. "Umekunywa?"

"Nime—" akasema, mdomo ukabaki wazi. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe. "—kunywa nini?"

Mwili wake wa kweli ulikuwa nyuma yangu, chumba hichohicho, chini ya blanketi mbili kwa sababu Mbeya ya mwezi wa saba haina huruma na mtu. Tangu ajali ya mwezi wa pili haujafumbua jicho. Kilichobaki kwake ni daraja: kofia inayosoma ubongo uliokataa kuamka, na mashine inayoupa huo ubongo mahali pa kusimama. Mahali penyewe unachagua dukani, kama mtu anavyochagua mchezo, na kusema kweli ni mchezo. Wapo wanaowachagulia wagonjwa wao miji mizima, fukwe, viwanja vya mpira. Sisi tulichagua jiko. Mafiga matatu, migomba dirishani, paka, ubao wa drafti, basi. Ulikuwa mchezo mwepesi kuliko yote waliyokuwa nayo. Mama ndiye aliyeuchagua, akasema mgonjwa anataka utulivu, hataki makelele ya watu. Ila mashine akataka kubwa kuliko zote, ukoo mzima ukachanga, na tulipoipandisha ngazi wajomba wanne walitoka jasho.

Mimi ni fundi. Kibanda changu kiko Mwanjelwa, na riziki yangu ni vijana wanaokuja na mashine mgongoni utadhani wamembeba mgonjwa, wakilia kwamba mchezo unakatakata. Mara nyingi ni vumbi. Mara nyingine ni joto. Mara nyingine kijana kachomeka waya wa skrini kwenye tundu lisilo lake, na kadi ya picha aliyomlilia baba yake mwaka mzima imekaa bure haijawahi kuguswa na kazi. Namcheka kwanza, halafu namtengenezea.

Hapa sikuwa na wa kumcheka. Nilikuwa nimepuliza vumbi, nikabadilisha mafuta ya kupoza, nikapima umeme unaoingia, nikachomoa na kuchomeka kila waya isipokuwa ule unaokwenda kwenye kofia. Draiva, zile programu zinazoiendesha kadi, zote zilikuwa mpya. Feni zilikuwa zinazunguka polepole, baridi kabisa, kama za mashine isiyo na shida yoyote duniani.

"Umemaliza?" Mama akauliza kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika sahani ya viazi alivyokuwa anavimenya, kisu kinaninginia.

"Bado, Mama."

"Ya mtoto wa Mwakibete uliimaliza asubuhi moja."

"Mama, nakuomba."

Mchezo ukikatakata, mchezaji anapoteza mchezo, anarusha kofia, anakula, analala. Kwa mtu aliye darajani zile picha zinazochorwa na mashine ndizo yeye. Zikienda sitini kwa sekunde, ni Ambokile mwenyewe, na utani wake na kile kikohozi cha kujifanya mtu mkubwa. Thelathini, ni Ambokile aliyelewa. Zikishuka chini ya kumi, hakuna wazo linalofika mwisho wake. Linaanza, linakatika, linaanza jingine. Sheria inasema mtu atakayekutwa chini ya kumi siku ya ukaguzi ahesabiwe amekwishatoka, na kofia apewe mwingine aliye kwenye foleni. Mkaguzi alikuwa amepiga simu kwamba anakuja Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na ile namba ya kijani kwenye pembe ya skrini ilikuwa inasoma tisa.

Mama akasogea kwenye kipaza sauti, akaweka sahani chini, akatengeneza sauti yake ya furaha. Ile sauti nilikuwa nimeanza kuiogopa.

"Ambo, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama... Mama. Habari za... nyumbani?"

"Nzuri. Wote wazima."

"Subi hajarudi?"

"Yuko Kyela bado, anamuuguza mama yake. Anakusalimu sana."

Subilaga, mke wake, tulikuwa tumemzika miezi mitano iliyopita.

*

Nilipiga simu kwa waliotuuzia mashine. Akapokea mhudumu asiye mtu, mwenye sauti tamu inayokufanya utamani kumpiga mtu wa kweli.

"Je, umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Kuna mtu ndani."

"Samahani kwa usumbufu. Je, umejaribu kuizima na kuiwasha?"

Nikamweleza tena, polepole, kwamba ukiizima mtu anakufa. Akaipima mashine kutoka huko aliko, akarudi na habari njema. Hakuna hitilafu yoyote. Mashine yetu ilikuwa na afya kamili. Katika nguvu zake zote ilikuwa inatumia sehemu nne tu katika mia.

Nilikata simu nikiwa nimechanganyikiwa, halafu nikajiona mjinga. Sehemu nne katika mia! Mashine haikuwa imelemewa. Ilikuwa inasinzia.

Kila fundi anaujua ugonjwa huu. Baada ya ile miaka ya ukame, mabwawa yalipokauka na miji ikalala giza, Baraza la Umeme likaamuru kwamba kila mashine itakayouzwa iwe na kipimo, kitu kidogo kilichoshonwa ndani ya kadi yenyewe, na ukikigusa kadi inakufa. Kipimo kinapima uzito wa kazi na kutoa umeme kulingana nayo. Kazi nzito inapewa umeme wake wote. Kazi nyepesi inatupiwa makombo. Ndiyo maana wapo vijana ambao vita vya majeshi elfu vinateleza kama mlenda, halafu wakifungua mchezo mdogo wa karata mashine inakatakata. Dawa yake ni rahisi. Mwambie afungue kazi nyingine nzito pembeni, iifanye mashine ikae macho.

Lakini daraja halikubali jirani. Nilijaribu, kila programu niliyoifungua pembeni ilizimwa kabla haijavuta pumzi, kwa usalama wa mgonjwa. Basi nikasema, kama siwezi kuweka uzito pembeni, nitauweka jikoni. Nikaingia kwenye mpangilio wa mchezo nikaleta mvua ya mawe. Nikaongeza majani ya migomba, kila jani na mishipa yake. Nikaleta kuku. Nilianza na kumi, nikafika mia mbili, wakajaa jikoni mpaka juu ya mafiga, wanadonoa ubao wa drafti.

Ambokile aliwatazama. Namba ikapanda mpaka kumi na tano, na nusu ya kicheko ikatoka.

"Tuse... hawa kuku... wa nani?"

"Wako, kaka. Umetajirika."

Akacheka tena kidogo. Halafu akawazoea. Namba ikarudi kumi, ikarudi tisa, na kuku mia mbili wakaganda miguu juu. Mama akaniambia niwaondoe, wanachafua.

Nikawaondoa. Sikuelewa. Kazi ya kuwachora ilikuwa kubwa mara mia, na kipimo hakikujali hata kidogo. Nililala na hasira.

*

Shangazi Bupe alifika Jumanne mchana kutoka Tukuyu, na mkungu wa ndizi na ulimi wake. Mama alimsimamisha mlangoni kabla hajatua mzigo.

"Dada, sheria unazijua."

"Nazijua."

"Mgonjwa haambiwi habari mbaya. Ukiulizwa, wote wazima. Subi yuko Kyela."

"Mimi ni mtoto? Nimeuguza watu kabla hujazaliwa wewe."

Akaketi mbele ya skrini, akafunga kilemba vizuri, akasalimia kwa Kinyakyusa, salamu ndefu za kwao zinazoulizia mpaka mawe ya uani. Ambokile akaitikia kwa shukrani, vipande vipande. "Ndaga... shangazi. Ndaga." Wote wazima, wote wazima, mvua nzuri, chai imechipua. Mama akaanza kupumua.

"Na Nyota?" Ambokile akauliza. Nyota ni ng'ombe wake. Alimlea kwa chupa tangu akiwa ndama, mama yake alipokufa, na Subilaga alikuwa akimtania kwamba ana mke mwenza mwenye pembe.

"Nyota, jamani," Shangazi akasema, na macho yakamjaa machozi palepale. "Nyota alivimba tumbo, mwanangu, usiku mmoja tu. Tulimchinja asubuhi. Nyama yenyewe haikulika."

Mama alipiga ukelele. Alimvuta Shangazi kwa kanga kama mtu anayemtoa motoni, na wote wawili wakaanza kusemezana kwa sauti kubwa, huyu anasema ulimi wako hauna mfupa, yule anasema ng'ombe naye ni msiba? Nami nilikuwa nimenyanyuka niwaamulie.

"Nani alimchinja?"

Mama aliiachia kanga ya Shangazi. Sauti ilikuwa nzima. Ilikuwa na mkwaruzo wake wa zamani, na hasira.

"Nawauliza, nani alimshika? Kwa sababu Nyota alikuwa hashikwi na mtu mwingine. Mlimfunga kamba? Shangazi, mlimfunga kamba?"

Nikageuka. Ambokile alikuwa amesimama jikoni, mikono kiunoni, na nyuma yake moshi ulikuwa unapanda taratibu, uzi baada ya uzi, jinsi moshi unavyopanda duniani. Feni za mashine zilikuwa zinavuma. Namba ilisoma arobaini na moja.

Ilidumu muda wa kutosha kwake kumgombeza Shangazi, kumlilia ng'ombe kidogo, na kusema, "Basi, kazi ya Mungu." Alipoyasema hayo tu, feni zikaanza kunyamaza. Kufikia jioni alikuwa tisa.

Ndipo nilipoelewa, na nilitamani nisingekuwa fundi. Kwenye daraja kipimo hakipimi picha. Kinampima mtu. Kuku mia mbili si kitu kwa mtu asiyewajali, lakini ng'ombe mmoja aliyekufa ni mzigo. Na kaka yangu hakuwa na mzigo wowote. Miezi mitano tulikuwa tumempa raha tupu: chai, paka, wote wazima, Subi anakusalimu. Tulikuwa tumemnunulia mashine kubwa kuliko zote mkoani, halafu tukahakikisha hakuna hata jambo moja zito linaloingia ndani yake. Raha ni kazi nyepesi. Mashine ilimwona hana shida, ikasinzia, naye akawa anafifia humo ndani akitabasamu.

Nilijua pia ni uzito gani tuliokuwa nao akibani. Ulikuwa mmoja wa nyumba nzima, kwamba Subilaga amekufa. Na ulikuwapo wa pili, ambao niliujua mimi peke yangu.

Subilaga hakufa siku ya ajali. Aliishi siku mbili hospitalini, na nilikuwa nimeshika mkono wake aliponiambia. Ukoo wote unamlaani mpaka leo dereva wa lori. Subilaga alisema lori lilikuwa upande wake halali wa barabara. Ukungu ulikuwa mzito, alimwomba mumewe wasimame, walale Uyole, alimwomba tena na tena, naye akamwita mwoga, akalipita gari la mbele bila kuona. "Usimwambie, wifi," alisema. "Akiamka asijue kamwe." Nikamwahidi. Kesho yake alikuwa amekwenda.

*

"Hapana," Mama akasema.

Tulikuwa barazani asubuhi ya Jumatano, beseni la viazi katikati yetu. Shangazi alikuwa ndani amejifungia akisali, au akisikiliza.

"Mama, Ijumaa wanamchukua."

"Baba yenu alikuwa anaendelea vizuri pale hospitali. Ameanza kula uji. Kaka yake akafa, mjinga mmoja akaenda kumwambia. Jioni ileile nilikuwa na misiba miwili."

"Najua, Mama."

"Hujui. Ulikuwa mgongoni." Akatupa kiazi kwenye maji, yakanirukia. "Mgonjwa unambebea. Ndivyo tulivyofundishwa. Yeye ana kazi ya kupona, sisi wazima tuna kazi ya kubeba. Sasa wewe unataka nimtwishe mtoto wangu aliyelala!"

"Kwa Baba moyo ulikuwa hauwezi mzigo. Huku ni kinyume. Asipokuwa na mzigo anazimika. Tunamuua kwa raha, Mama."

"Basi afe kwa raha!"

Alisema kwa sauti, na akashtuka kujisikia. Alikaa na kisu mkononi. Nilimwona anatafuta pa kulirudisha lile neno na hakuna pa kulirudisha. Nilimhurumia, kwa sababu sikuwa na uhakika kwamba amekosea.

"Wewe ndiye fundi," akasema mwishowe, bila kunitazama. "Fanya unavyojua. Mimi sitaki kuwamo humo."

Akavuta beseni kwake akaendelea kumenya. Kwa hiyo nikaingia peke yangu.

Ambokile alikuwa kwenye kigoda chake. Paka alikuwa ameganda katikati ya kuruka.

"Tuse... habari za—"

"Kaka, nina neno."

"—nyumbani? Subi hajarudi?"

"Subi hatarudi, kaka. Alikufa. Siku ya pili baada ya ajali yenu."

Nitasema lililo kweli: sikumtazama uso. Nilitazama namba. Ilikaa tisa kwa muda mrefu, nikadhani hajasikia, nikadhani nitalazimika kurudia. Kisha ikaanza. Kumi na mbili, ishirini na nane, hamsini. Feni zikawaka kama pikipiki. Ikafika sitini ikatulia hapo, na paka akashuka chini akatembea zake.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Mimi nilikuwa wapi?"

"Hapa nyuma yangu. Umelala."

"Nani alimvalisha?"

"Mimi na Mama."

"Mlimvalisha nini?"

"Kile kitenge cha bluu."

"Alikuwa hakipendi kile." Sauti ikapasuka katikati. "Alikuwa anakivaa kwa sababu nilikinunua mimi."

"Tulijua. Ndiyo maana."

Hapo akalia. Sijawahi kusikia kilio kizuri vile, na Mungu anisamehe kwa neno hilo. Kilikuwa kizima, kina mwanzo na mwisho, kila pumzi imefika mahali pake. Mama aliingia mbio, mikono inachuruzika maji ya viazi, uso umeiva kwa hasira ya kunipiga. Akamwona mwanawe kwenye skrini, analia kama mtu. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ambo."

"Mama, miezi yote hii mlinidanganya."

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa unaniletea salamu zake."

"Ndiyo. Nilikosa la kufanya."

Wakalia pamoja, na Shangazi akatoka chumbani akaanzisha wimbo wa msiba wa kwao, na majirani wawili wakaja wakidhani Ambokile amekufa, wakaelezwa, wakakaa. Tulimfanyia Subilaga matanga upya siku ile, na safari hii mfiwa mwenyewe alikuwepo. Aliuliza kaburi liko upande gani wa mgomba. Aliuliza nani alisoma neno. Alimgombeza Shangazi kwa kumsema vibaya mama yake Subilaga. Jioni alinitania kuhusu nywele zangu. Alikuwa sitini, sitini, sitini, na mimi nilikuwa na kaka yangu, kaka yangu kabisa, na kila mara alipotulia kidogo nilijikuta nashika ukingo wa meza.

*

Alhamisi asubuhi alikuwa thelathini na tano.

Nilimweleza kila kitu. Nilifikiri ana haki ya kujua mashine inavyofanya kazi, na labda nilitaka anisaidie. Alinisikiliza akipanga kete za drafti.

"Kwa hiyo nikitulia, nazimika."

"Ndiyo, kaka."

"Hiyo mashine katengeneza nani, mchawi?"

"Baraza la Umeme."

"Nilijua tu." Akakohoa kile kikohozi chake. "Ngoja basi nihuzunike."

Akajaribu. Alijaribu kweli, kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Alifumba macho akalitaja jina la mkewe. Akakumbuka kaburi ambalo hajawahi kuliona. Namba ikapanda mpaka arobaini, ikashuka. Akajaribu kumkumbuka Subilaga akiwa mgonjwa, lakini badala yake akamkumbuka siku ya harusi, mvua ilivyonyesha hema likajaa maji, na Subilaga akaokoa keki kabla ya kumwokoa mama mkwe. Akacheka. Nami nikacheka. Ishirini na sita.

"Haitaki," akasema. "Nimeshamlilia, Tuse. Sasa namwona tu, amekaa pale. Anapendeza."

Mama alikuwa amelala kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Shangazi alikuwa ameshafungasha. Ukimya ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nilisikia feni moja inapungua, halafu nyingine.

Kufikia jioni ilikuwa kumi na tisa. Mkaguzi angefika kesho saa nne.

Nililijua jibu. Lilikuwa mdomoni kwangu tangu asubuhi. Huzuni hupoa, nimeiona inapoa mbele ya macho yangu kwa siku moja na nusu. Hatia haipoi. Ningemwambia, kaka, si lori, ni wewe, alikuomba usimame ukamwita mwoga. Angekuwa sitini kesho mkaguzi anapoingia, na sitini mwaka kesho, na sitini mimi nikiwa bibi kizee. Asingetulia tena hata dakika moja. Mashine isingesinzia kamwe. Ingekuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kuzifanya.

"Tuse."

"Naam, kaka."

"Kuna jingine... mnalonificha?"

Nilitazama bisibisi mkononi mwangu.

"Kama lipo... lilete. Nitalibeba. Mimi... sina haraka ya kuondoka."

Alikuwa ananitazama moja kwa moja. Kumi na nne. Uso wake ulikuwa umelainika, jinsi alivyokuwa akikaa jikoni kwa Mama tukiwa wadogo, ameshiba, anasubiri hadithi. Niliukumbuka mkono wa Subilaga, ulivyokuwa mwepesi. Nilifungua mdomo kumwambia. Naapa nilifungua mdomo nikiwa nimeshaamua kumwambia.

"Hakuna, kaka," nikasema. "Wengine wote wazima."

Akatikisa kichwa, ameridhika. "Basi... vizuri." Akanyoosha mkono kwenye birika akajimiminia chai. Akainua kikombe. Kikapanda, kikapanda kidogo tena, kikafika usawa wa kidevu, kikaganda.

Nilikaa. Sijui ni muda gani. Mama akaja nyuma yangu, amejifunga kanga, macho mekundu ya usingizi, akatazama skrini.

"Imekwama tena?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe, fundi, huwezi kuitengeneza?"

Bisibisi ilikuwa bado mkononi mwangu. "Siwezi, Mama," nikamwambia. Akavuta stuli akakaa kando yangu, akanifunika bega kwa pindo la kanga yake, na tukakisubiri kile kikombe.